Mguu Uliobaki Hewani

Mpendwa mdogo wangu Selemani,

Barua hii wataisoma watu wote isipokuwa wewe, na wewe ndiye niliyetaka uisome. Naiandika gazetini kwa sababu kosa lenyewe nililitenda gazetini. Nitafika huko. Kwanza niache nivute pumzi, maana nimechoka, Sele, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Unanijua. Zaidi ya miaka ishirini nimegombana na watu kwa maandishi. Nimegombana kuhusu korosho, kuhusu barabara, kuhusu gesi ya Songo Songo na nani hasa anaifaidi. Nimesoma vitabu vingi kuliko vilivyonisaidia. Kila makala ilipotoka ulinipigia simu ukauliza, "Dada, leo umemchinja nani?" Nikikutajia mkubwa fulani unacheka hadi unakohoa, kisha unasema, "Haya, njoo uwapige picha watoto, mikono ipoe."

Nakumbuka ulivyorudi kutoka Dar es Salaam na mkanda wako mweusi wa karate. Mama alikuwa amekuja kutoka kijijini Nyangamara na mihogo ya kukupokea, na wewe ukauweka ule mkanda mapajani mwake kama mtu anayekabidhi shahada. Mama akaugeuza, akaunyoosha, akatutazama sote.

"Miaka yote hiyo Dar unaniletea mkanda? Suruali yake iko wapi?"

Tulicheka mpaka majirani wa mtaa wetu wa Rasbura wakaja kuuliza kuna nini. Lakini wewe hukukasirika. Wiki hiyohiyo ulikuwa kwenye ule uwanja wa mchanga nyuma ya shule, na watoto saba. Baadaye wakawa arobaini. Watoto wa Kimwera, wa Kimakonde, wa Kimachinga, wanaotoka madrasa na wanaotoka kanisani, wote pekupeku, wote wanahesabu kwa sauti moja baada ya swala ya alasiri. Wazazi walikuja kukulalamikia kwamba watoto wao wanarusha mateke ndani ya nyumba na kuvunja vyombo. Ukawajibu kwa upole wako ule wa kuudhi, "Mama, akivunja tena mlete mapema, huyo ana nguvu."

Mimi nilikuja mwaka niliporudi nyumbani kutoka kwenye ndoa. Hukuniuliza lolote. Ulijua nisingekuja uwanjani kukaa tu, mimi si mtu wa kukaa tu, kwa hiyo ukaniambia unahitaji mpiga picha. Uongo. Hukuhitaji picha hata moja. Ulihitaji dada yako atoke chumbani. Nikaja na kamera niliyokuwa naitumia kazini, nikasimama upande wa kushoto, penye ukuta wa shule, kwa sababu hapo jua lilikuwa mgongoni kwangu. Nikasimama hapo miaka minane.

Nikueleze nilichokuwa nakitafuta, maana sikuwahi kukueleza vizuri. Katika ofisi nyingi nilizopita nimeona kalenda za wafadhili, na kwenye kalenda mtoto wa kusini yupo kila mwezi. Amechuchumaa kando ya kisima. Ana vumbi usoni. Anainua macho kumtazama mtu mrefu asiyeonekana, na macho yenyewe yanaomba. Nilizichukia picha hizo kwa chuki ambayo watu wengine wanaiweka kwa wezi. Nilitaka picha ambayo mtu akiitazama asipate mwanya wa kuhurumia. Mtoto wa Lindi, nguo nyeupe, mguu juu ya kichwa chake, na macho yanakutazama wewe mtazamaji, hayakuombi kitu.

Tatizo lilikuwa mwanga. Alasiri ile nyuma ya shule mwanga unapungua haraka, na teke la Agnesi, mwanafunzi wako hodari kuliko wote, lilikuwa jepesi kuliko kamera yangu. Picha zilitoka na mguu kama moshi. Siku moja nikapaza sauti katikati ya mazoezi, "Shikilia hapohapo! Nitazame!" Agnesi, alikuwa na miaka kumi tu wakati ule, akashikilia. Mguu ukabaki hewani, shingo ikageuka kushoto, kwangu. Nikabonyeza. Hiyo ndiyo ile picha unayoijua.

Ukanifuata ukutani. "Dada, teke halishikiliwi. Linakwenda, linarudi."

"Na picha inakaa. Wewe fanya yako, mimi nifanye yangu."

"Wakizoea je?"

"Watazoea kuonekana. Kuna ubaya gani?"

Hukunijibu. Ningekuwa msomaji mzuri wa watu kama nilivyo wa vitabu, ningesoma kunyamaza kwako. Lakini mimi nilizoea kwamba mtu akinyamaza, nimeshinda.

Ikawa desturi. Kwenye ile kata, yaani ule mfuatano wa mapigo ambao mtoto anaucheza peke yake dhidi ya adui asiyeonekana, kila walipofika kwenye teke la tatu walijua shangazi wa picha yupo. Mguu juu, uso kushoto, sekunde mbili, kisha wanaendelea. Kwenye sherehe watu walipenda mno. Watoto kumi na wawili kwenye uwanja wa mjini, miguu kumi na miwili hewani kwa pamoja, nyuso kumi na mbili zimegeuka upande mmoja, na umati unapiga vigelegele. Picha zangu zikatundikwa kwenye kuta za wakubwa ambao nilikuwa nimewatukana. Nikajiona nimezishinda kalenda zote.

Kisha mkaenda Mtwara kwenye mashindano ya kanda. Mimi nilikuwa Dar kwa kazi. Ulinipigia mchana, nyuma yako nikasikia watoto wanaimba kinyonge, kama wanaojilazimisha.

"Tumeshindwa, dada."

"Wote?"

"Wote. Agnesi amekuwa wa mwisho kwenye kundi lake."

"Agnesi? Waamuzi walisema nini?"

"Walisema mengi."

"Niambie moja."

Ukasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nami sikuhitaji kuambiwa, nilikuwa na sababu yangu tayari, nimetembea nayo miaka yote kama mtu anayetembea na kiberiti mfukoni. Nilikaa mezani kabla hata hamjapanda basi la kurudi. Niliandika kwamba waamuzi wale wameona watoto wanaotoka mahali pasipo na ukumbi wala magodoro ya mazoezi, wakaamua kabla ya kutazama. Mwamuzi mkuu, Mzee Bakari wa Kilwa Masoko, nilimtaja kwa jina. Niliandika kwamba teke la mtoto wa Lindi ni refu mno kwa macho mafupi kama yake. Niliipenda sana sentensi hiyo. Watu waliitumiana kwenye simu kwa wiki nzima, na wengine waliiongezea matusi ambayo hata mimi nisingeyaandika.

Chama cha karate cha kanda kikakuandikia kwamba klabu iombe radhi. Ukajibu kwa mistari miwili, Agnesi alinionyesha nakala juzi: wewe hukuandika makala ile, na hutamwambia dada yako aandike nini. Basi hamkuitwa tena. Msimu wa kwanza, wa pili. Mimi nikaandika makala nyingine kuhusu kutoitwa kwenu. Wewe ukaendelea kufundisha watoto wasio na pa kwenda kuonyesha. Kisha mwaka jana, kabla ya mfungo, ikaja ile homa ya siku nne, tukakuzika, na mimi ninayesema kila mahali sikuweza kusema hata neno moja makaburini.

Sikwenda uwanjani kwa miezi saba. Agnesi ndiye aliyewashika watoto. Ana miaka kumi na minane sasa, anauza vitenge dukani kwa mama yake asubuhi, alasiri anafundisha, na ana sauti yako ya kuhesabu, ile inayopanda kwenye nane. Nilipoona naweza kupita njia ile bila kugeuza uso, nikaenda. Sikuchukua kamera. Nilikaa upande wa pili, kulia, kwenye ngazi za darasa, kwa sababu kushoto sikuweza.

Kulikuwa na mtoto mgeni, Rehema, wa miaka saba. Ameanza baada ya wewe kufa. Hajawahi kuniona, hajawahi kupigwa picha uwanjani pale. Akacheza kata yake. Kwenye teke la tatu mguu ukapanda, ukabaki, na uso wake ukageuka kushoto, kwenye ukuta mtupu.

Nilimwita.

"Mbona umesimama pale, mwanangu?"

"Ndivyo ilivyo, shangazi."

"Na kule ukutani ulikuwa unatazama nini?"

Akanishangaa, kama vile nimeuliza kwa nini maji yana unyevu. "Kule ndiko kwa picha."

"Picha gani?"

"Sijui. Ndiko kwa picha tu."

Sele, nimewahi kujibiwa na maprofesa. Nimewahi kujibiwa na mawakili. Hakuna aliyewahi kunimaliza hivyo.

Mazoezi yalipokwisha nilimkalisha Agnesi kwenye ngazi. Nikamuuliza Mtwara waamuzi walisema nini. Alichora mchangani kwa kidole.

"Shangazi, si yamepita?"

"Agnesi."

"Walisema mguu haurudi. Walisema nimegeuza uso nikamwacha adui." Akafuta alichochora. "Mwalimu alijua. Alitufanyisha mazoezi alfajiri, siku ambazo wewe hupo, tuache kusimama. Tukiwa naye tunaacha. Wewe ukija, tunarudia. Na wadogo wanatuiga sisi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alitukataza. Alisema ukijua utaacha kuja." Kisha kwa haraka, kama mtu anayetoa mwiba, "Alisema bora tushindwe kidogo kuliko ukae ndani tena."

Kidogo, alisema. Mtoto huyu alikuwa na mguu ambao ungemfikisha mbali, na umri wake wa kushindana kwenye kundi la vijana umekwisha nyumbani, kwa sababu ya sentensi yangu. Nilimwomba radhi palepale. Alinitazama bila hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi. "Yangu yamepita, shangazi. Nataka ya hawa."

Kesho yake asubuhi nilizitandaza picha zote mkekani, za miaka minane. Nilidhani nimepiga maelfu ya nyakati tofauti. Nilikuwa nimepiga wakati mmoja. Mguu uleule, shingo ileile, macho yaleyale kwangu. Watu wa kalenda walimwambia mtoto achuchumae, mimi nilimwambia ainue mguu. Wao walitaka atazame juu, mimi nilitaka atazame kushoto. Mtoto mwenyewe alikuwa na kazi yake pale, alikuwa anapigana na adui wake, na sisi wote tulimkatiza. Nilikuwa na hoja ya kushinda, na watoto wako walikuwa ushahidi wangu. Sikuwahi kuwauliza.

Nikaenda Kilwa Masoko na bahasha ya picha. Nilimkuta Mzee Bakari uani kwake anamwagilia mchicha, suruali ameikunja hadi magotini. Ni mwalimu mstaafu, mwembamba, ana macho makali kama ya ndege. Hayana ufupi wowote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe ndiye wa gazeti."

"Ndiye mimi."

"Umekuja na macho marefu leo?"

Nilistahili. Nikampa bahasha. Akakausha mikono kwenye shati, akazipitia picha moja moja, polepole, kama anayesahihisha madaftari. Akasimama kwenye ile ya Agnesi.

"Picha nzuri," akasema. "Huyu ameshapigwa. Adui yuko mbele, uso uko pembeni, mguu umemsahau. Lakini picha nzuri." Akairudisha. "Siku ile nilimwita mdogo wako kando. Nikamwambia, bwana, huyu binti ana mguu sijauona kanda hii. Nani amemfundisha kusimama?"

"Akakujibu nini?"

"Akasema, mimi."

Nikaigeuza picha ile, Sele, uso chini.

Alinipa kiti. Mjukuu wake akaleta chai. Nikamwomba radhi kwa maneno yote niliyokuwa nayo, na mimi nina maneno mengi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaokota kopo lake la maji.

"Dada, ulinitukana mbele ya Tanzania nzima. Leo unaniomba radhi mbele ya mchicha?"

Basi, Mzee Bakari, hapa ndipo mbele ya watu. Ulitazama vizuri. Ulitoa alama zilizostahili. Niliandika uongo, si kwa kuwa niliujua kuwa uongo, bali kwa kuwa sikutaka kuuliza, na kwa mtu wa kazi yangu hilo ni baya zaidi. Makala ile naifuta yote, pamoja na sentensi niliyoipenda. Klabu ya mdogo wangu haikuhusika na maneno yangu. Kama kuna adhabu iliyobaki, ni yangu, waacheni watoto waje.

Wanaosubiri niseme kwamba nimekosea na mengine wasubiri. Barabara ni mbovu vilevile. Kalenda zipo vilevile. Nitarudi kwa hayo nikipata nguvu. Lakini nimejifunza jambo linalonichosha kulifikiria: kwamba mtu anaweza kuwa na hoja ya kweli na bado akaitumia kumwumiza mtoto.

Mzee Bakari amesema barua hii ikitoka, chama kitawapokea Mtwara mwezi ujao. Amesema pia kwamba mguu usiporudi, atatoa alama zilezile, na nisithubutu kuandika. Nikamwambia sitathubutu. Akasema, "Tutaona," na nilimpenda kwa hilo.

Sasa nikwambie sehemu ambayo wewe uliiogopa. Nilirudi Rasbura nikamwuliza Agnesi nifanye nini. Niko tayari kubeba maji, nikasema, kushona nguo, kuhesabu mateke, lolote. Alifunga mkanda wake, akaufungua, akaufunga tena.

"Usije, shangazi."

"Nisije na kamera?"

"Usije wewe. Wakubwa wakikuona tu shingo zinageuka, hata ukikaa kulia. Mpaka Mtwara ipite. Nisamehe."

Nimsamehe nini? Alisema kwa sentensi moja kile ambacho wewe ulishindwa kuniambia miaka minane kwa kunipenda. Lakini usidhani ni rahisi. Uwanja ule ndio uliokuwa umebaki wenye wewe ndani yake. Kaburini kuna jina lako tu. Pale kuna sauti yako kwenye nane.

Nakaa nyumbani alasiri. Nasikia wakihesabu kutoka hapa upepo ukiwa mzuri. Kazi yangu ni kutokwenda, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama hii. Sijifungii chumbani, Sele, nakuapia. Nakaa barazani, mlango wazi, nachambua mchele, nasalimiana na wapitao. Hilo nalifanya kwa ajili yako.

Jana Rehema alipita akitoka mazoezini, nguo nyeupe imejaa mchanga magotini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Habari za mazoezi?"

"Nzuri." Akasita langoni, akitafuta namna ya kunipa habari njema bila kuniudhi. "Leo nilisahau kuangalia kule."

"Kule wapi?"

"Kwako."

Nikamwambia, "Vizuri sana, mwanangu. Na kesho unisahau tena."

Akakimbia. Nikaendelea kuchambua mchele.

Lala salama, mdogo wangu. Ulinilinda kwa gharama ya watoto, nami siwezi kukushukuru kwa hilo wala kukulaumu. Naweza tu kukaa mbali mpaka nitakapoitwa, na nisipoitwa, kukaa mbali vilevile.

Akupendaye,
Dada yako